Bi Nusu, Mwalimu wa Gofu Aliyetutoka Bila Kuugua

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Bi Nusu, alizaliwa Alhamisi tarehe 22 Aprili 1971 katika hospitali ya wilaya. Alikuwa mtoto wa kwanza wa fundi mitambo wa karakana ya reli na mshonaji wa sare za shule. Baba yake alitoka zamu mbio akafika wodini na grisi hadi viwikoni, wauguzi wakamkatalia kumshika mtoto mpaka aende akanawe. Alinawa mara mbili, bado wakamrudisha. Mama yake yuko nasi hapa leo. Tangu Jumanne hajatuuliza chochote ila swali moja: mna hakika ni yeye?

Alisoma shule ya msingi iliyokuwa nyuma ya karakana, kisha sekondari ya wasichana. Huko walimu walimwandika kuwa mwanafunzi wa wastani darasani na msumbufu wa kila mtu uwanjani. Mwaka 1992 alihitimu chuo cha ualimu, na Januari iliyofuata akaanza kufundisha michezo katika shule ya bweni. Mwalimu mkuu wake wa kwanza, alipostaafu, alisafisha stoo ya ofisi akamkabidhi mfuko wa fimbo kuukuu za gofu, akamwambia atazame kama zinafaa kwa lolote, hata kuanikia nguo.

Hakuwa na wa kumfundisha. Kila jioni, wanafunzi wakishaingia bwaloni, alibaki uwanjani akipiga kwa nguvu zake zote. Mpira ulikwenda kila mahali isipokuwa mbele. Mpishi wa shule alichoka kuuokota kwenye maharage yake. Hali ilikuwa hivyo hadi alipoteguka kifundo cha mkono na kuambiwa apumzike. Kupumzika hakuweza. Akawa anarudisha fimbo nyuma hadi usawa wa kiuno tu, polepole, asiuamshe mkono. Mpira ukanyooka. Akaweka mwingine, nao ukanyooka. Alimsimulia mdogo wake kwamba alikaa chini kwenye nyasi akacheka peke yake, maana muda wote ule alikuwa akipigana na kitu kisichotaka vita.

Hapo ndipo jina lilipoanzia. Mwaka 1996 klabu ya gofu ilimchukua afundishe wanaoanza mwisho wa juma, na mwaka 2003 akaacha shule akawa mwalimu wao wa kudumu. Kila aliyefika na haraka zake aliambiwa: leo nusu, fimbo iishie kiunoni. Mshiko uwe kama unavyoshika mkono wa mtoto mkivuka barabara, asiponyoke na asiumie. Miguu iachane kwa upana wa mabega. Mwili ugeuke, mikono ifuate, na mwisho usimame wima kifua kikitazama ulikopiga. Ukiyumba, ulikuwa na pupa. Nusu ikikaa sawa ndipo mzunguko mzima unafuata. Ndoo kubwa ya mipira alikataa kumpa mtu, akisema ukiimaliza utakuwa umefanya mazoezi ya kuchoka. Alitoa ndoo ndogo, na kila mpira ulichaguliwa shabaha yake kabla haujapigwa. Jaji mmoja mstaafu, mwanafunzi wake wa miaka mingi, alikuwa na tabia ya kuutandika mpira kwa hasira. Bi Nusu alimtazama siku nzima, kisha akamwambia kwa adabu zote, "Mheshimiwa, mpira haujakukosea." Jaji anasema hajawahi kupata hukumu fupi kuliko ile.

Mume alimpata hapohapo klabuni. Fundi wa majokofu aliitwa kutengeneza friji la jikoni, akapita uwanja wa mazoezi, akamkuta mwanamke anawapanga watu wazima mstari mmoja wazungushe fimbo bila mpira. Akacheka kwa sauti. Bi Nusu hakukasirika, alimpa fimbo. Fundi aliukosa mpira, akaukosa tena, na alipokusanya nguvu za mwisho fimbo ilimponyoka ikaenda kulala juu ya paa la jiko. Kesho yake alirudi na ngazi kuiteremsha. Keshokutwa yake alirudi kuhakikisha friji linagandisha. Wiki iliyofuata friji lilikuwa zima kabisa na yeye bado anakuja. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 6 Desemba 1997, wakajaliwa binti na mwana. Fundi hakupata kuwa mchezaji wa maana, lakini kila Jumapili walikwenda uwanjani pamoja, na waliowaona wanasema mke aliongea kidogo na mume aliongea sana.

Hapa wasifu wa namna hii hueleza ugonjwa. Familia haina la kuandika. Bi Nusu hakuugua. Jumatatu alifundisha vikundi vyake vyote, akarudi na mboga, akampigia binti yake kumkumbusha chanjo ya mjukuu.

Asubuhi ya Jumanne tarehe 9 Septemba 2025 alikunywa chai, akaketi kwenye kizingiti cha mlango wa jikoni kuvaa viatu vya kazi. Mumewe alikuwa ndani akitafuta bisibisi huku akimsimulia habari za mteja aliyepiga simu kulalamika kwamba friji limekufa, kumbe mtoto alichomoa waya achaji simu. Alipofika penye kuchekesha alinyamaza kidogo amsubiri acheke. Hakusikia kitu. Akadhani kisa hicho alishamsimulia. Akatoka. Mkewe alikuwa ameegemea fremu ya mlango, kiatu kimoja kimefungwa, cha pili kamba zinaning'inia. Mumewe akapiga goti, akamfungia, akakaza fundo vizuri. Ndipo akainua macho akamtazama usoni.

Jirani mwenye gari aliwafikisha hospitali muda si mrefu. Daktari wa zamu alieleza kwamba ni mshipa wa damu kichwani, kwamba ulipasuka mara moja, na kwamba hakuna ambaye angejua. Mume alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia, "Daktari, naomba umwangalie tena. Huyu amekunywa chai sasa hivi." Daktari hakubishana. Alirudi ndani, akamwangalia tena, akatoka. Alimshika bega tu.

Alhamisi kikundi chake cha akina mama kilifika uwanjani kama kawaida, kwa kuwa katika kuhangaika kwetu hakuna aliyekumbuka kuwaarifu. Mumewe alikwenda mwenyewe. Walipomwona anakuja peke yake, mkunga aliye kiongozi wao aliuliza kama mwalimu amechelewa. Akajibu, "Hatakuja leo." Kisha akaongeza, "Hatakuja." Wakaweka fimbo chini wote, mmoja baada ya mwingine, wakabaki wamesimama mahali mwalimu alipowapanga wiki iliyopita.

Marehemu ameacha mume, binti ambaye ni muuguzi, mwana anayesomea umeme, mjukuu mmoja, mama mzazi, na mdogo wake wa kike aliyeandika maneno haya na kuyafuta mara nyingi. Ameacha pia wanafunzi wengi ambao simu zao bado zinaingia kuulizia nafasi.

Mtaona wasifu huu umesema alifundisha, alicheka, alikataa. Mumewe hasemi hivyo. Akiulizwa, anajibu, "Mke wangu anafundisha gofu." Familia inawaomba, mtakapokwenda kumpa mkono, mtu asimsahihishe.

Mola ampumzishe kwa amani, na sisi atupe nguvu ya kuamini.