Aliyepuliza Manyoya ya Sungura wa Rubondo

Mgeni rasmi, Daktari Ahimbisibwe, mkurugenzi wa mradi wa manyoya kutoka Mbarara. Mwakilishi wa mkuu wa kambi, uliyeketi kulia kwake. Wachungaji wetu, majirani, na wewe Mama Olga uliyekataa kukaa kwenye viti vya mbele: sisi wafuga sungura wa Rubondo tunawasalimu nyote kwa jina la Bwana.

Kukukaribisha

Karibu Rubondo, Mgeni rasmi. Umeona viti tumeviweka nje, mbali na banda, wakati miaka yote tulikupokea ndani, katikati ya vizimba. Usikasirike. Mlangoni utakuta maji, sabuni na kitambaa safi cha kufunga mdomo. Kila anayeingia anafunga, hata mchungaji. Mwaka huu wa 2010 tumekuwa watu wa kuogopa, na sababu utaisikia humu humu.

Tulikotoka

Sisi ni watu wa Kivu ya Kusini. Kwetu mnyama mdogo analala jikoni, karibu na moto, na watoto wanamlisha maganda. Tulipofika hapa Uganda, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hatukuwa na jiko wala mnyama. Wewe ndiye uliyetuletea sungura weupe wenye manyoya mazito, ukasema, "Nyama yenu, ngozi yangu," ukacheka, nasi tukacheka. Tulikupenda siku ile, na hatuoni haya kulisema.

Wewe pia ndiye uliyetufundisha kupuliza. Ulimshika sungura, ukamweka karibu na uso wako, ukapuliza mgongo wake mpaka manyoya yakafunguka na ngozi ikaonekana. Ukatuambia, manyoya yanayochelewa kufunguka ndiyo yenye bei, na mkono unadanganya, pumzi haidanganyi. Tangu hapo kila mtu Rubondo alipuliza. Tulikuwa tukitaniana kwamba tunapiga tarumbeta za kanisani.

Tulichopata

Ngozi zetu zilifika Mbarara. Wake wa askari kule kambini kwa jeshi walizinunua, wakashona kofia za watoto. Kwa ngozi hizo watoto wetu walivaa sare za shule, na mabati yakapanda juu ya nyumba zilizokuwa na turubai.

Mama Olga alipewa majike, kwa sababu hana haraka na hapigi kelele. Ni mjane, ana watoto wadogo, na posho yake yote ilitoka bandani. Kulikuwa na jike moja lenye maringo, lisilokula majani yaliyonyauka. Olga aliliita Madame na kuliomba radhi asubuhi kabla ya kufungua kizimba. Tulimcheka sana. Yeye alikuwa akijibu, "Mucheke tu, yeye ndiye ananilishaka."

Yaliyotukuta

Mgeni rasmi, hapa tunakuomba uvumilivu.

Mwaka jana, mwezi wa nane, ulitutembelea kuchagua sungura wa mbegu. Ulikuwa na leso mkononi, na leso ilikuwa imelowa. Mama Madeleine, mwenyekiti wetu, alikuchemshia maji ya limau, ukanywa, ukaomba mengine. Alikuuliza kama unaumwa. Ulisema ni vumbi la barabara ya Isingiro. Inawezekana. Barabara ile ina vumbi, hatubishi. Kisha uliingia bandani ukapuliza safu yote ya karibu na mlango, sungura mmoja baada ya mwingine, na katikati ulisimama kukohoa. Safu ya nyuma hukuifikia, ulisema umechoka.

Wiki haikuisha, safu ya mlangoni ikaanza kupiga chafya. Makamasi, macho mekundu, kukataa kula. Safu ya nyuma ilikuwa nzima bado, ilifuata baadaye. Tulizika sungura nyuma ya kanisa, na Madame alikuwamo.

Wakaja wataalamu wa mradi na vijiti vyao vya pamba. Walichokonoa pua za sungura, wakachokonoa na pua zetu. Pua yako hawakuigusa, wala ya dereva wako. Jibu likaja kwamba ni mafua ya watu, yale yaliyokuwa yakitajwa redioni mwaka ule, na kwamba mtu ndiye aliyewapa sungura. Mtu gani? Siku ya vijiti aliyekutwa anakohoa alikuwa Olga peke yake. Basi ikaandikwa: mlezi wa majike.

Toka hapo kila mtu anamtazama mwenzake pembeni. Kule kambini kwa jeshi, mteja wetu Gorret alimrudishia Mama Madeleine mzigo mlangoni, bila kumkaribisha ndani: "Nyabo, mama, rudisha tu hii ngozi yako. Afande nasema Wakongo nalala na mnyama, mafua natoka huko. Mimi nafanya nini? Bambi, pole." Na humu kwetu wapo waliovuka njia wakimwona Olga anakuja kisimani. Wengine wao wamekaa hapa leo na wanaangalia chini.

Sasa umeagiza kwamba wachache waliobaki wauawe, na kwamba sungura wapya hawataletwa mpaka Olga aondolewe kwenye umoja wetu.

Ndipo Olga alipokuja kwenye mkutano wetu. Alikaa akisokota ncha ya kitenge chake. Tulijua anaogopa nini, maana baadhi yetu tulijua siku nyingi tukanyamaza kwa ajili yake. Alifikiria watoto wake, alifikiria ofisi ya kambi, halafu akasema, na tumeandika kama alivyosema:

"Ile siku Daktari alikuya, mie sikukuwa huku. Nilikuwa Nyamitanga, kule Mbarara, kwa mudogo wangu Eliane, alikuwa anazala. Niliomba ruhusa ya kutoka kambi, haikutoka, na mutoto hangengojea. Nilienda bila karatasi. Nilirudia siku ya yenga, ile ya kanisa, nikakuta basungura bameisha kuanza chafya. Niliwapanguza makamasi na mikono yangu, ndiyo nami nikashikwa. Musome yote. Banifunge kama banataka. Lakini basiseme ni mie niliwaua."

Ndugu mwakilishi wa mkuu wa kambi, umesikia. Hakuna aliyemlazimisha. Angeweza kunyamaza akabaki na kosa lisilo lake, na nyinyi msingejua la kwake.

Tunayoomba

Tunaomba waliobaki wasiuawe. Wamepona, wanakula, na majike wawili wana mimba.

Tunaomba usimtoe Olga. Ukimtoa yeye, utafuga sungura bila sisi.

Tunaomba ofisi ya kambi imhukumu Olga kwa safari ya Nyamitanga tu, na ikumbuke ni safari ya kwenda kupokea mtoto.

Tunaomba kupuliza kukome. Tumejaribu kufungua manyoya kwa pampu ya baiskeli, na yanafunguka.

La mwisho tumeliandika tukalifuta mara nyingi, Mgeni rasmi, kwa sababu wewe ni mkubwa wetu na mkono wako ndio uliotuinua. Hatujui kwa hakika aliyeleta mafua. Tulipuliza sote, na huenda ni mmoja wetu. Lakini mwanamke asiye na karatasi amesimama mbele ya serikali akasema alikokuwa. Na wewe tunakuomba usimame, mbele yake, utuambie: siku ile, lilikuwa vumbi?

Tutakaa tukusubiri. Mungu akupe afya ya kifua na ya moyo, akurudishe Mbarara salama, akilinde kizazi chako na chetu.

Ni sisi, Umoja wa Wafuga Sungura wa Rubondo, Nakivale. Imesomwa na katibu, Néhémie, kwa niaba ya wote, Olga akiwa mmoja wetu.