Wakili Aliyeruka Mahakama Moja

Wasikilizaji wapendwa, sogeeni karibu na redio. Leo tunamkumbuka wakili tuliyemzika Ijumaa. Ofisini walimwita Kiambatisho. Ukimpelekea karatasi yoyote, swali lake lilikuwa moja: kiambatisho kiko wapi? Dada yake, mshona nguo, anasema hata akimpigia simu kwamba anaumwa, aliulizwa cheti cha daktari.

Alisoma sheria nyumbani, kisha akaenda nje kusomea sheria ya kimataifa ya haki za binadamu. Miaka miwili. Akarudi na masanduku mawili ya vitabu na koti lisilomkaa. Wenzake wakaingia kampuni kubwa kubwa. Yeye akapanga chumba kimoja juu ya duka la viatu, dirisha halifungi, akaanza kupokea watu.

Wa kwanza kupanda ngazi zile alikuwa mama mmoja muuza mkate. Mwanawe, fundi redio, alichukuliwa na polisi mchana kweupe, bisibisi ingali mkononi. Hakuonekana tena. Mama yule hakutaka fidia. Alitaka kuambiwa mwanawe yuko wapi, awe hai au awe amekufa.

Wakili akaenda mahakamani, akashindwa. Akaenda mahakama kuu, akashindwa. Ikabaki mahakama ya rufaa. Hapo, wasikilizaji wapendwa, ndipo alipoteleza. Ipo kamati ya kimataifa inayopokea malalamiko kama haya, ila ina sharti: umalize kwanza mahakama zote za kwenu. Darasani alifundishwa kwamba mahakama isiyoweza kukusaidia kitu, unaweza kuiruka. Akaona rufaa ile ni kazi bure. Akairuka.

Wakasubiri miaka minne. Jibu likaja, kurasa tisa, na habari za yule fundi hazikuguswa hata kidogo. Kamati ilisema tu kwamba hawakumaliza mahakama za kwao, wala hawakuthibitisha kuwa rufaa isingefaa. Narudia: miaka minne, na hakuna aliyeulizwa kijana yuko wapi.

Mwingine angeilaumu kamati. Yeye alikwenda mwenyewe kwa yule mama, akaketi jikoni, akamwambia kosa ni lake. Mama akaendelea kukanda unga.

"Mwanangu, siwezi kukukasirikia," akasema. "Sina mwingine anayemtaja mtoto wangu kwa jina. Tuanze upya."

Wakaanza upya. Akaomba ruhusa ya kukata rufaa nje ya muda, akakataliwa. Akaomba tena, akapewa. Rufaa ikasikilizwa, ikatupwa. Safari hii akawa na hukumu zote mkononi, akapeleka malalamiko mara ya pili. Kamati ikayapokea. Serikali ikaandika majibu yake, na wakili akapewa miezi miwili kuyajibu.

Lakini saratani nayo ilikuwa imeshamshika. Dada yake akamkataza kufanya kazi kitandani. Wapi!

"Nilimfichia miwani," dada anatuambia. "Akasoma hivyo hivyo, karatasi imegusa pua. Nikamgombeza. Laiti ningemsomea."

Aliandika kurasa kumi na moja. Jumanne asubuhi akafariki, ya kumi na mbili ikiwa nusu.

Makaburini, mama muuza mkate alimshika dada wa marehemu mkono, asiuachie. Alisema maneno machache tu.

"Huyu tumemzika. Wangu bado sijapewa nimzike."

Kwa dada, na kwa familia yote, poleni sana. Hatuna la kuwapoza, nasi mioyo inatuuma. Wasikilizaji wapendwa, tujiulize leo ni nani tuliyeacha kumtaja kwa sababu tumechoka kuulizia. Na ninyi mawakili mnaotusikia, sikilizeni vizuri. Majibu yale yanatakiwa kufika kwenye kamati tarehe ishirini na nane. Leo ni tarehe tisa. Tarehe ishirini na nane, na leo ni tisa. Ufunguo wa ofisi anao dada. Yule mama yuko pale mlangoni tangu asubuhi, anasubiri wakili.