Wasifu wa Bibi Shamba, Aliyetuambia Tupande Yote

Jumanne tarehe 2 Novemba 2021 mvua ilianza alfajiri ikanyesha hadi adhuhuri, mvua ya utulivu, isiyo na upepo wala radi. Dada yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Bibi Shamba, alisimama mlangoni akamwambia mume wake, "Safari hii imekuja kwa adabu." Wiki hiyo kila nyumba ilipanda. Tunaanza na siku hiyo kwa sababu mwenyewe aliagiza kwamba atakapofariki, wasifu wake usiuruke mwaka huo.

Marehemu alizaliwa tarehe 3 Januari 1962, mtoto wa kwanza kati ya watano, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya ghala la ushirika, ambako baba yetu alikuwa mpima mizigo. Enzi hizo mto uliopita chini ya ghala ulikuwa na maji mwaka mzima, na ni yeye aliyetufundisha wadogo zake kuogelea. Leo watoto wanachezea mpira pale pale.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1969 hadi 1975, akamaliza sekondari mwaka 1979. Alipochaguliwa kwenda chuo cha kilimo, mama yetu alilia. "Jembe liko nyuma ya mlango hapo," alimwambia, "unalifuata chuoni la nini?" Marehemu alicheka, akaenda. Alirudi na cheti mwaka 1982.

Januari 1983 aliajiriwa kuwa bibi shamba wa kata yetu na akapewa baiskeli ya ofisi. Alitufundisha kuchimba mashimo ya kupandia wakati wa kiangazi, udongo ukiwa mgumu kama saruji, na kuyatia samadi ili hata mvua kidogo ikae mahali pa mmea. Mto ulipoanza kukatika alitushawishi tupunguze mahindi, turudie mtama. Kuanzia 2003, kila mavuno yalipokaribia, alipita mashambani akifunga vitambaa kwenye masuke yaliyowahi kukomaa, na hayo ndiyo yaliyofanywa mbegu. Msimu baada ya msimu tukapata mtama mfupi, unaokomaa kabla unyevu haujaisha ardhini. Haukuwa ukiuzwa dukani. Ulikuwa wetu.

Alikuwa na sharti moja: nusu ya mbegu ardhini, nusu kwenye dumu, ichanganywe na majivu na kifuniko kikazwe. Wanaume walimtania kwamba kwake hata chumvi ya mboga hutiwa nusu.

Tarehe 14 Desemba 1985 alifunga ndoa na fundi aliyekuwa akitengeneza ile baiskeli ya ofisi, baiskeli ambayo mwaka ule iliharibika kuliko ilivyostahili. Siku ya harusi wifi yake alimshika mkono akashtuka. "Bibi harusi, na huo udongo kwenye kucha?"

"Wifi, jana mvua imenyesha. Ulitaka nikae ndani nipakwe rangi?"

Walijaliwa watoto watatu.

Sasa mwaka ule wa 2021. Misimu iliyotangulia mvua ilishindwa, na sehemu kubwa ya mbegu ya mtama wetu iliyobaki ilikuwa ile ya kwenye madumu. Ofisi ilipokea utabiri kwamba mvua ingekuwa nzuri. Marehemu alikuwa amebakiza miezi miwili kustaafu, na alitaka watu washibe walau mara moja kabla hajaondoka kazini. Kwenye mkutano ghalani alisema, "Mwaka huu tupande yote."

Jirani yake wa ukuta kwa ukuta akauliza, "Hata ya dumuni?"

"Hata ya dumuni."

Mvua ikaja ile Jumanne. Mtama ukaota vizuri, mistari ikaonekana toka barabarani. Baada ya hapo haikunyesha tena hadi mwaka mpya, na mimea ikakauka ikiwa na urefu wa kidole. Yule jirani alikuja na dumu tupu, akaliweka kizingitini.

"Bibi Shamba, miaka yote unatuambia nusu. Safari hii ulitumwa na nani?"

"Sikutumwa. Ni mimi."

Hakuna aliyemtukana. Waliendelea kumsalimu vizuri, ila hawakumuuliza tena jambo lolote la shamba. Nyumba nyingi za mtaa wetu zikafungwa kufuli. Baadhi yenu mmesafiri kutoka mbali kuja leo.

Alipita nyumba zilizobaki akiulizia suke lolote lililosahaulika juu ya meko. Mjane mmoja alimpa machache, nusu yameliwa na wadudu. Akayapanda nyuma ya jiko, akimwagilia maji ya kuoshea vyombo. Mapema 2023 mtama huo ulikuwa umeanza kutoa masuke alipopita mchungaji akitafuta maji, na mbuzi wake wakaingia. Mume wake aliporudi hakukuta hata bua.

"Mke wangu, hata fimbo hukushika?"

"Mbavu zao unazihesabu ukiwa barabarani, na mwenyewe alikuwa analia. Ningempiga nani?"

Mbegu ile haipo tena. Tumeulizia kila mahali.

Kufikia wakati huo visima vyetu vilikuwa vimegeuka chumvi. Aprili 2023 miguu yake ilianza kuvimba, na hospitalini ikaonekana figo zimechoka. Alisafishwa damu kwa miezi minane. Januari mwaka huu wa 2024 daktari alieleza kwamba mwili hauwezi tena, tukamrudisha nyumbani.

Marehemu ameacha mume, watoto watatu, ambao ni dereva, karani na muuguzi, wajukuu wanne, na sisi wadogo zake wanne. Kati yetu sote hakuna anayelima.

Ijumaa tarehe 8 Machi mawingu yalijaa mashariki. Jioni yule jirani wa ukuta kwa ukuta aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Bibi Shamba, nimepata mbegu kidogo ya dukani. Mawingu yale unayaonaje? Nipande?"

Marehemu aligeuza kichwa dirishani. "Sijui, mwenzangu."

"Wewe hujui?"

"Zamani nilikuwa najua."

"Basi sisi tumuulize nani?"

Jirani alimpangusa uso kwa ncha ya khanga yake, akaaga.

Kesho yake asubuhi marehemu alikataa chai. Alimwomba mume wake ageuze kitanda kisitazame dirishani, na kilipogeuzwa aliuelekea ukuta. Saa nne alikata roho. Apumzike dada yetu, mahali ambapo hakuna atakayemuuliza kuhusu mvua.