Sebule ya Marcelina Bernado, Iliyotolewa Vitu Kabla Hajafa

Tuliokusanyika hapa Bweri leo, Jumanne tarehe 16 Septemba 2025, tunamzika Marcelina Bernado Machage. Wasifu huu umeandikwa na bintiye Hilda, naye ndiye anayeusoma. Kamati ya mazishi ilikuwa imeandika wa kwake, mfupi na mtamu, wenye sentensi isemayo kwamba marehemu alizungukwa na upendo wa ndugu mpaka dakika ya mwisho. Hilda aliusoma mara mbili, akaurudisha. Marehemu hakuupenda uongo akiwa hai, na hatazikwa nao.

Marcelina alizaliwa tarehe 3 Machi 1957 huko Suguti, Musoma Vijijini, mtoto wa tatu wa mzee Bernado na mama Susana, wakulima wa pamba na mihogo. Nyumbani kwao kulikuwa na kiti kimoja tu chenye mgongo, nacho kilikuwa cha baba. Watoto walikaa chini, mama akakaa kwenye kigoda. Siku moja mzee Bernado alirudi mapema kutoka shambani akamkuta Marcelina, wa miaka sita, amekikalia kile kiti, miguu inaning'inia, anamtuma mdogo wake Jofrey maji ya kunywa kwa sauti nzito ya kizee. Alichapwa. Lakini mzee mwenyewe aliisimulia hadithi hiyo kila sikukuu mpaka anaingia kaburini, na kila mara alicheka.

Alisoma shule ya msingi hukohuko Suguti, mwaka 1966 hadi 1972. Jina lake halikuwemo kati ya waliochaguliwa kwenda sekondari. Alilia siku mbili, siku ya tatu akaomba apelekwe Musoma mjini kwa shangazi yake, akajifunze kupiga chapa. Alijifunza kwenye mashine ambayo herufi zake tatu zilikuwa zimekatika, na bado akamaliza wa kwanza katika kundi lake.

Kuanzia mwaka 1976 alifanya kazi ya ukarani katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bunda. Huko ndiko mapenzi yake ya vitu vya zamani yalikoanzia. Ofisi ilipoletewa viti vya chuma, vile vya mvule vilitupwa nyuma ya ghala, mvua yao, jua lao. Marcelina aliomba ruhusa, akachukua kimoja kilichovunjika mguu. Akanunua msasa, gundi na vanishi, akatafuta mguu wa kiti kingine, akauunga. Wenzake walimcheka, wakamwita Mama Mabaki. Mwaka mmoja baadaye meneja alikuja kumjulia hali nyumbani, akakikalia kile kiti, akauliza kimenunuliwa wapi.

Tarehe 20 Desemba 1980 alifunga ndoa kanisani Bunda na Gibson Machage, fundi wa injini za boti, mzaliwa wa Butiama. Mwaka 1995 walihamia Musoma, wakajenga hapa, na marehemu akafanya biashara ya dagaa Mwigobero mpaka magoti yalipomkatalia mwaka 2019. Gibson hakujua kusifu kwa maneno. Alichofanya ni kubeba. Alibeba kabati la vioo la mvule kutoka Bunda, kutoka kwa mfanyabiashara aliyekuwa anafunga duka. Kondakta wa basi akamuuliza, "Mzee, hii kabati ina umri gani? Mbona naona kama inastahili kuamkiwa?" Gibson akamjibu, "Iamkie basi, kisha uipandishe." Alifariki mwaka 2011, akazikwa hapa nyuma ya nyumba, na leo mkewe analala pembeni yake.

Wengi wenu mmekaa katika sebule ya Marcelina. Mnalijua lile kabati, na redio ya mbao iliyokaa juu yake. Mnalijua benchi refu la kanisani, lililotolewa waumini walipoletewa viti vya plastiki. Sahani za bati zenye maua aliziangika ukutani, karibu na taa za chemli alizozisugua mpaka zikang'aa. Vibuyu vya maziwa vya mama mkwe wake kutoka Butiama alivipa rafu yao peke yao. Kulikuwa na kiti cha uvivu cha Gibson dirishani. Hakuwa anakusanya takataka, kama baadhi yenu mlivyokuwa mnasema mkishavuka geti. Kila kitu alijua kimetoka kwa nani na kilikuwa kinafanya kazi gani. Kitu kilichowahi kuhudumia watu, alisema, hakitupwi kwa sababu kimezeeka.

Hilda naye mikono yake si misafi. Mwaka 2014, wageni wa posa walipokuwa wanakuja, aliona aibu. Akaazima sofa kwa jirani, akamwambia mama yake vile vitu vya kizamani viingie stoo kwa siku moja. Marcelina hakubishana. Alivibeba mwenyewe, kimoja kimoja. Ndugu walikuwepo, wakaona, na wakajifunza kwamba vitu vya Marcelina vinatolewa tu na hakuna linalotokea.

Tuje kwenye ugonjwa. Marehemu aligunduliwa kuwa na uvimbe tumboni mwezi Machi mwaka huu. Tarehe 6 Aprili alilazwa hapa Musoma, na alfajiri ya Jumanne tarehe 8 akahamishiwa Mwanza, Hilda akiwa naye kwenye gari la wagonjwa. Asubuhi hiyo Gody, mtoto wa shemeji yake Lameck, alimpelekea uji wodini. Akakuta kitanda kitupu, shuka zimeondolewa, godoro limekunjwa. Hakumuuliza nesi. Hakumuuliza mgonjwa wa kitanda cha pili. Alitoka nje akampigia baba yake simu kwamba mama mkubwa amefariki. Simu ya Hilda ilikuwa imeishiwa chaji, na hakuna aliyeona haja ya kusubiri iwake.

Kila mtu hapa anaijua desturi. Msiba ukiingia, sebule inatolewa vitu ili akina mama wakae chini kwenye majamvi, na wanaume wanawasha moto uani. Ni desturi njema. Basi saa nne asubuhi simu imepigwa, saa sita sebule ni nyeupe, vitu vyote viko nje. Mvua ya Aprili ikanyesha. Kuni zikawa zimelowa. Mtu mmoja, ambaye yupo hapa na anajijua, akachukua shoka, akapasua kiti cha uvivu cha marehemu Gibson, kilichokuwa kimekaa barazani pakavu, wakawashia moto. Wengine wakaona vitu vinanyeshewa, wakavionea huruma, na huruma yao ikawapeleka mpaka majumbani kwao. Kufikia saa tisa alasiri, Hilda alipopiga simu kutoka Mwanza kusema mama amekula uji na anaulizia nani amemwagilia mchicha, kabati lilikuwa juu ya gari, linaelekea Butiama. Redio ilikuwa njiani kwenda Bunda. Wahenga walisema kufa kufaana. Hawakusema mwanze kufaana mtu hajafa.

Kosa ni la binadamu, na Gody ameomba radhi kwa machozi; Marcelina alimsamehe siku hiyohiyo. Hasira iliyomo humu si ya kosa. Ni ya wiki zilizofuata. Walipojua yu hai, hakuna aliyegeuza gari. Aliporudi tarehe 2 Mei, akiwa na mshono tumboni, alifungua mlango wake mwenyewe akakuta majamvi ya kuazima na sakafu. Kisha akasema, "Hilda, nitafutie mahali pa kukaa," na mahali hapakuwepo.

Mtu aliyeambiwa apumzike hakupumzika. Alizunguka mkoa huu kutafuta vitu vyake, akishikilia tumbo, akavirudisha kimoja kimoja. Bunda, kwa mpwa wa mumewe, Boniphace, alikuta redio imefunguliwa na kutolewa spika. Akabeba sanduku tupu. Tarehe 14 Juni walifika Butiama kwa Lameck, yeye, Hilda na fundi Leonardi wa Nyasho. Kabati lilikuwa nje, chini ya upenu. Kioo kimoja kilikuwa kimepasuka, na kwenye rafu ya chini kuku alikuwa anaatamia.

"Shemeji, karibu," Lameck akasema. "Umepona?"

"Nimefufuka. Nimefuata kabati yangu."

Lameck akacheka, akajikuta anacheka peke yake. "Sasa shemeji, sisi tungefanyaje? Vitu vilikuwa vinanyeshewa."

"Nani alivitoa vikanyeshewa?"

"Mila ni mila. Msiba ukiingia, sebule inatolewaga vitu. Hata wewe unajua."

"Najua. Alipokufa Gibson nilitoa mwenyewe, na matanga yalipoisha nikarudisha mwenyewe. Mila inasema vifike uani. Ni mila gani ilivileta Butiama?"

"Mambo yamepita hayo. Mavi ya kale hayanuki. Tutakununulia sofa nzuri, tuachane na hii mizigo."

"Sofa sitaki. Nataka unijibu kitu kimoja," Marcelina akasema. "Saa nne ulipigiwa simu kwamba nimekufa. Saa tisa kabati yangu iko kwenye gari. Hapo katikati, Lameck, ulinililia saa ngapi?"

Mke wa Lameck, Eunice, ndiye aliyeanza kulia, akaingia ndani, akatoka na sahani nane za bati, akazipanga miguuni pa Marcelina. Kuku alitolewa. Leonardi alifunga kabati kwenye pikapu, wakaanza safari ya kurudi Musoma. Njia nzima Hilda alidhani mama yake anawaza kioo kilichopasuka. Walipofika Bweri ndipo aliposema, "Watu ishirini walinishindilia kaburini kwa siku moja, na hata mmoja hakukaa akanikumbuka." Hilda anaomba mjue kwamba hayo ndiyo yaliyomuumiza, kuliko mvule.

Julai na Agosti walikarabati. Leonardi alikuja kila Jumamosi, marehemu akasugua msasa akiwa ameketi, akiamrisha. Kiti cha Gibson hakikuwa na cha kukarabatiwa. Sehemu yake dirishani hakuijaza. Na aliacha agizo, akalirudia mbele ya mchungaji na mbele ya mwanawe Edwin: akifa, isitolewe hata stuli. Mwenye kumlilia aje amlilie akiwa amekaa kwenye kiti, ndani, kama mgeni wake.

Ugonjwa ulirudi mwishoni mwa Agosti. Alifariki nyumbani Ijumaa tarehe 12 Septemba, saa nne na robo asubuhi, kwenye benchi la kanisani, kichwa kikiwa mapajani mwa Hilda. Safari hii Hilda aliangalia vizuri, na daktari akaja akathibitisha.

Saa sita wazee walifika, wakaanza kukunja mikono ya mashati. Hilda akasimama mlangoni.

"Bamdogo, mama alikataza."

"Toka njiani," Lameck akasema. "Wewe mtoto wa kike ndiyo unatufundisha mila? Akina mama wa kanisa wakae wapi? Unataka ukoo huu uchekwe?"

Hakuna kaka wala mjomba aliyesimama upande wa Hilda. Edwin alikuwa bado njiani kutoka Dodoma. Hilda angesukumwa kidogo tu, mlango ungekuwa wazi. Aliyesogea ni mama Flora, mwenyekiti wa wanawake wa kanisa, ambaye amewahi kulala kwenye majamvi ya kila msiba wa Bweri kwa miaka thelathini. Alipita katikati ya wazee, akaingia, akavuta kiti cha mvule cha kiwanda cha pamba.

"Mimi miguu yangu inanikatalia chini," akasema. "Nakaaga kwenye hiki kiti kila Alhamisi. Na leo nakaa hapahapa, namlilia mwenzangu."

Akakaa, akalia kwa sauti. Wakaingia wengine, wakajaza benchi, wakajaza viti, waliokosa nafasi wakakaa chini kwa hiari yao. Kwa siku nne sebule hii imelia, na hakuna kilichotoka.

Marehemu ameacha watoto wawili, Edwin na Hilda, wajukuu watano, mdogo wake Jofrey wa Suguti, shemeji yake Lameck na familia yake, ambao ni ndugu zetu na tutaendelea kuwa ndugu. Ameacha pia sebule. Wazee wameuliza ni lini matanga yataanuliwa ili vitu vya marehemu vigawiwe kama ilivyo kawaida. Matanga yataanuliwa Jumamosi. Vitu havitagawiwa. Ninyi mlishagawana tarehe 8 Aprili, mwenye vitu akiwa anakula uji Mwanza, na mtu hagawiwi urithi mara mbili. Anayetaka kumkumbuka Marcelina, mlango uko wazi kila siku. Aingie akae, anywe chai, aondoke mikono mitupu. Atakayekuja akakuta Hilda bado ana hasira, avumilie, maana hasira hii ni sehemu ya kumlilia.

Marcelina Bernado Machage, 1957 hadi 2025. Mungu ampe pumziko tulilomnyima sisi watu wake.