Kuku wa Kumsubiri Baba

Jamani, ya kwenye basi leo! Mbele yangu mama kapakata kuku, kando yake bibi wa buibui.

“Kanona huyo, nialike!” bibi akamtania.

“Nampeleka Kigamboni kwa dada, akachinjwe. Nyumbani Benedikta wangu hataki. Nilimsimulia mfano wa mwana mpotevu, alivyochinjiwa ndama aliporudi. Sasa anasema kuku huyu ni wa siku baba yake atakaporudi.”

Nusura nicheke.

“Kaenda wapi baba yake?” bibi akauliza.

“Kijiji cha ujamaa, Handeni. Kaoa hukohuko.”

“Mwambie mtoto ukweli, mwanangu.”

“Nikimwambia, bibi, ataamini tena mfano gani?”

“Na wewe mwenyewe, umeacha kumsubiri?”

Basi likasimama Magogoni, penye kivuko cha kwenda Kigamboni. Tukashuka wote. Mama yule tu akabaki kitini, kamkumbatia kuku.