Seli za Askari Jela

Ilikuwa mwaka 2017, msimu wa mvua, ndani ya basi la asubuhi. Askari jela mstaafu alikuwa akisinzia, mpaka binti wa kando yake, mwenye koti jeupe mapajani, alipolalamika kwenye simu: "Seli zangu zimekufa zote!"

"Pole, mwanangu," mzee alimwambia alipokata simu. "Mimi kwenye seli zangu nane hakufa mfungwa hata mmoja."

Binti alicheka hadi akafuta machozi. "Babu, mimi ni mtafiti wa maabara. Seli zangu ni chembe hai, wale askari wa mwilini wanaopigana na maradhi. Nazipa homoni nione zipi zitatulia."

Hapo mzee aliacha utani. Askari wa mkewe, alieleza, walikuwa wakimshambulia mwenyewe viungoni, na daktari akampa vidonge vya steroidi, homoni ya kuwatuliza. "Uso ukamjaa, akageuzia ukutani vioo vyote vya nyumba. Juzi nikavificha vidonge. Anadhani vimekwisha."

"Vyote? Ghafla? Babu, mwili wake umeshazoea, hautengenezi tena homoni yake ya kutosha. Anaweza kuanguka! Hupunguzwa na daktari, kidogo kidogo."

"Seli zako zimekufa zote, nami nikuamini?"

"Zile zilikuwa za kwenye chupa, babu. Bibi tunaye mmoja."

Basi liliposimama, mzee alishuka kituo kisicho chake, simu sikioni, akimpigia mkewe.

"Mama, vidonge vyako vimo ndani ya kofia yangu ya kazi, juu ya kabati. Nilikuibia, nakurudishia. Meza cha leo, nakuja twende kwa daktari."