Risala ya Waandishi wa Programu ya Dozi, Siku ya Kuizindua

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Mkurugenzi Mkuu wa Hospitali za nchi; meneja wetu; wauguzi mliotutembelea; mabibi na mabwana.

KARIBU

Karibu sana ofisini kwetu, Mheshimiwa. Viti hivi vimejaa leo kwa ajili yako. Siku nyingine ungemkuta mama wa usafi na redio yake. Sisi wenyewe tumesalimiana pale mlangoni kama watu waliokutana msibani.

HISTORIA YETU

Programu yetu inampigia muuguzi hesabu ya dawa: anaingiza uzito wa mgonjwa, inamtolea dozi. Ni programu huria. Hospitali yoyote inaichukua bure, na msimbo wake, yaani maandishi yanayoiendesha, uko wazi kwa yeyote duniani kuusoma na kuurekebisha. Zamani tulikaa meza moja kila alasiri, tukasomeana kazi kwa sauti kabla haijaingia kwenye programu. Mwenzetu mmoja tulimbandika jina la Ngoja Kwanza, maana hilo ndilo lilikuwa neno lake. "Ngoja kwanza, hapa umegawanya ya nini?" Alitukera mno. Tulirudi nyumbani tumenuna, na wagonjwa walikuwa salama.

MAFANIKIO

Kisha tukapewa saa huria: kila mtu afanye kazi wakati unaomfaa, popote alipo. Tusiwe wanafiki, tulizipokea kwa vigelegele. Mwenzetu mwenye mapacha hufanya kazi alfajiri, kabla hawajaamka. Mwingine, tunayemwita Popo, huanza wenzake wakishalala. Mwenye mzazi mgonjwa anamuuguza bila kuomba ruhusa. Marekebisho yanaingia kwa wingi kuliko zamani, na taarifa ya mwaka imetusifu.

CHANGAMOTO

Mheshimiwa, hapa hatutauma maneno. Kusomeana kulikufa. Sheria bado inasema kazi ya mtu ipitishwe na mwenzake, lakini mwenzake huyo yuko jikoni, anabonyeza "nimekubali" kwenye simu huku akikoroga chai. Kila mmoja wetu anaamini mwingine amesoma. Na walimwengu, ambao msimbo uko wazi kwao, wanaamini sisi tumesoma.

Mwaka huu hospitali moja ililalamika kwamba dozi za watoto zinatoka mara mbili ya kipimo. Mwenye mapacha akarekebisha: akagawanya kwa mbili pale uzito unapohesabiwa. Popo naye akaliona lalamiko lilelile, asijue kama limeshashughulikiwa, akagawanya kwa mbili pale dozi inapoandikwa. Kila mmoja, peke yake, alikuwa sahihi. Marekebisho yote mawili yakapitishwa. La pili lilipitishwa na Ngoja Kwanza mwenyewe. Watoto wakapewa nusu ya dozi.

Msichana mmoja wa miaka minne alikuwa na homa ya uti wa mgongo. Amepona, lakini hasikii. Mama yake alikuja hapa akamkuta mama wa usafi peke yake.

"Nataka kumwona aliyefanya hivi," akamwambia.

Mama wa usafi alitupigia simu mmoja baada ya mwingine, na kila mmoja akajibu kwamba hizo si saa zake za kazi. Mama wa mtoto akasubiri hadi ofisi ilipofungwa. Tunaona aibu kulisoma hili mbele yako.

MAOMBI

Hatuombi saa huria ziondolewe. Zimetusaidia kulea na kuuguza. Tunaomba saa moja tu kila siku ya kukaa meza moja. Tulishamwomba meneja wetu, naye yupo hapa, akasema huko ni kurudi nyuma. Dosari ile tumeiondoa. Nyingine hatuzijui, na hilo ndilo linalotukosesha usingizi.

Ombi la pili tumebishana juu yake hadi wengine wakalia. Umekuja kuizindua programu hii, ambayo hospitali kadhaa tayari zinaitumia, ili kesho ianze katika wodi zote za watoto nchini. Kitufe kiko mbele yako, kimefunikwa kitambaa chekundu. Tunakuomba, Mheshimiwa, usikibonyeze. Wauguzi wapige hesabu kwa kalamu, kama walivyofanya kabla yetu, mpaka tuisome upya yote, mstari kwa mstari. Tunajua kazi zetu zinaweza kuishia hapahapa.

Mungu akurudishe salama kwa watoto wako. Na awalinde hawa waliolazwa leo, ambao dozi zao, hata sasa tunapozungumza, tunazipigia hesabu sisi.

Ni sisi,
Waandishi wa Programu ya Dozi